Sehemu ya Tatu ya Wimbo wa Zhvanitsa

Chernovtsy, 3 Novemba 1988

Binti Rena,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya, kwa hiyo kuna watu wameisoma kabla yangu, na nadhani wamecheka kama nilivyocheka mimi. Unaandika Kiyidi kama mtoto wa shule anayemwogopa mwalimu. Usinune. Ni miaka mingi sijapata barua kwa lugha hii yetu Wayahudi wa huku kutoka kwa mtu mwenye meno yake yote.

Unauliza kama kweli mimi ndiye Nusn Shpayer wa bendi ya Shpayer ya Zhvanitsa. Kama siye, basi nimemlisha mtu mwingine miaka sabini na tatu. Baba yangu Yoyne alipiga fidla ya kwanza, kaka yangu Favish klarineti, mimi fidla ya pili. Kuanzia mtoni mpaka Sokiryany hakuna harusi ya maana iliyofanyika bila sisi. Sasa nimebaki peke yangu, na jirani yangu Galina, ambaye nikianza tu kukaza nyuzi ananigongea ukuta kwa ufagio.

Unasema huko Amerika nyinyi vijana mmeanza tena kupiga muziki wetu wa klezmer, na mnajifunza kwenye santuri kuukuu zenye mikwaruzo. Je, mikwaruzo nayo mnaipiga? Nakutania tu. Wangu, yaani watoto wa dada ya mke wangu marehemu, wakinisikia wanafunga mlango. Nilisoma barua yako mara tatu.

Nimekurekodia kaseti, jikoni, kwa mashine ya kuazima. Ni wimbo wa kumkalisha bibi harusi. Anawekwa kitini kabla hajaenda kufungishwa ndoa, wanawake wamemzunguka, mshairi wa harusi anamkumbusha kwamba usichana umekwisha, na fidla inamliza. Bibi harusi asipolia, mpigaji hajafanya kazi. Huo ni wa baba yangu, una sehemu tatu, na hakuna bendi nyingine iliyokuwa nao.

Lakini kaseti ni kaseti. Njoo mwenyewe, na fidla yako. Mambo mengine hayatumwi kwa posta.

Nusn Shpayer


Filadelfia, 15 Januari 1989

Babu Nusn (niruhusu nikuite hivyo, wa kwangu nilimzika nikiwa na miaka sita),

Nimelia kama bibi harusi! Wenzangu wa bendi nao. Judah, mpiga kodiani wetu, ambaye halii hata akibanwa kidole na mlango, alitoka nje akasema anakwenda kuangalia gari. Nimeshaandika noti zote, kila mteremko wa kidole chako, kila mahali unapoifanya fidla ilie kwikwi. Sehemu ya tatu ndiyo imeniua. Ile inavyoshuka taratibu, kama mtu anayekaa chini kwa kukubali yaliyomfika. Hatujawahi kupata kitu kama hicho kwenye santuri yoyote.

Sasa sikia jambo ambalo sikukuandikia mwanzoni, kwa sababu niliogopa kuwa nimekosea mji. Bibi yangu ni wa Zhvanitsa! Anaitwa Perl, baba yake alikuwa fundi wa vioo. Aliolewa hukohuko mwaka 1929, ndipo wakaja Amerika. Yeye ndiye aliyenifundisha Kiyidi. Siku zote ananiambia, "Mimi nilikalishwa na Shpayer," kama mtu anayesema alikalishwa na mfalme. Yuko kwenye nyumba ya wazee sasa. Walimfanyia upasuaji wa koo, sauti haipo, ananong'ona tu. Septemba anatimiza miaka themanini, na siku hiyo nitampigia wimbo huu. Sijamwambia neno. Hebu fikiria uso wake!

Na ombi moja: tunatoa santuri yetu ya kwanza. Turuhusu tuweke wimbo huu, na jina la baba yako liandikwe kwenye jalada, kubwa.

Mjukuu wako,
Rena Blaufeld


Chernovtsy, 9 Machi 1989

Rena mwanangu,

Perl wa fundi wa vioo! Mwenye nywele nyekundu! Namkumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na wasichana wa mtaa ule walikuwa wakinizomea kwa sababu ya masikio yangu. Alilia mpaka mshairi wa harusi akaacha kuimba. Baba alizungumzia harusi ile mwaka mzima.

Nisikilize. Usimpigie bado. Mtu wa miaka themanini si wa kushtuliwa hivi hivi. Na santuri ya nini haraka? Wimbo unakaa kwanza mkononi, ndipo unatolewa nje. Njoo hapa kwanza. Njoo hata kwa wiki moja, mwezi Aprili au Mei. Nitakupikia ugali wetu wa mahindi kwa jibini la kondoo, utakaa kwenye kiti cha jikoni, tutapitia wimbo sehemu kwa sehemu. Baada ya hapo mpigie Perl, mpigie rais, mpigie unayemtaka.

Nakusihi. Sina kawaida ya kusihi.

Nusn


Filadelfia, 20 Juni 1989

Babu mpendwa,

Barua yako ilizurura miezi miwili. Ilipofika, santuri ilikuwa imeshatoka. Nakutumia moja, imefungwa ndani ya sweta ili isivunjike. Sweta pia ni lako.

Usiwe na wasiwasi juu ya Bibi, moyo wake ni mzima kuliko wangu. Na usidhani nimekusahau, najua upweke ukoje, nitakuja. Lakini kiangazi chote nafundisha. Babu, laiti ungeona! Tulikuwa na kambi ya wanamuziki milimani, watu mia mbili kutoka kila mahali, wengine kutoka Krakow, wengine Berlin. Nusu yao hata si Wayahudi. Siku ya mwisho wote walipiga wimbo wa baba yako, fidla arobaini kwa mpigo, wanawake wanalia, wanaume wanajifanya wana mafua. Kila mmoja ameondoka nao. Mwalimu mmoja wa Krakow ameuweka kwenye kitabu chake cha noti. Wanaita ile sehemu ya tatu "ngazi ya Shpayer". Jina lenu halitapotea tena. Nilidhani utapenda kujua hilo.

Rena


Chernovtsy, 14 Agosti 1989

Rena,

Santuri imefika salama. Umepiga vizuri. Umepiga vizuri kuliko nilivyotaka. Galina ameacha kugonga ukuta, sasa anakuja kukaa jikoni na kitambaa cha machozi, na kila siku lazima nimwekee. Jina la baba limeandikwa sawasawa.

Siwezi kukurekodia kingine kwa sasa. Fidla iko kwa fundi.

Kama unaweza kuja kabla ya Septemba, njoo. Kama huwezi, mpigie Bibi yako kitu kingine siku hiyo, ngoma ya furaha. Kuna haja gani ya kumliza mwanamke mzee siku yake ya kuzaliwa?

N.


Filadelfia, 11 Oktoba 1989

Mzee Shpayer,

Nimeichana barua hii mara nne. Hii ya tano nitaituma vyovyote itakavyokuwa.

Tulimvalisha Bibi gauni la bluu. Nilisimama mbele ya kiti chake nikapiga. Sehemu ya kwanza alishika mkono wa mama yangu. Sehemu ya pili machozi yalimtiririka na midomo ikawa inacheza, akawa anaifuata noti kwa noti, mbele yangu kidogo, yaani alijua inakokwenda. Nilifikiri moyo utanipasuka kwa furaha. Kisha nikaingia ya tatu, akafumbua macho. Akanitazama kama nimemmwagia maji baridi. Nilipomaliza watu wakapiga makofi, yeye akanivuta kola, akaninong'oneza: "Hapana. Hapa ulikuwa unapanda. Hapa ulipanda, na mama akanifunika uso kwa shela. Huu wameutoa wapi?"

Nikamwambia, umetoka kwa Nusn, mtoto wa Yoyne mwenyewe. Akasema, "Basi Nusn anajua alichofanya."

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Kila nikienda ananiuliza, "Umeleta?" Kuimba hawezi, koo halina kitu. Anapiga vidole juu ya blanketi, na vidole havina sauti, Mzee Shpayer, nimekaa hapo saa nzima nikihesabu vidole vya bibi yangu. Daktari anasema hatamaliza mwaka ujao.

Mama anasema ni uzee, amechanganya na wimbo mwingine. Niambie kwamba amechanganya. Au niambie ukweli.

Rena Blaufeld


Chernovtsy, 5 Desemba 1989

Rena,

Hajachanganya.

Sisi kwenye kazi yetu tulikuwa na jambo tuliloliita kumpa mtu koti lisilo na mkono. Bendi nyingine ikija kuuliza wimbo wako, hukatai, kukataa ni aibu. Unawapigia, mbele yao, vizuri, tena mara mbili. Ila sehemu moja unaweka nyingine, ya uongo, na lazima iwe nzuri ili wasishuku. Wanakwenda zao wanapiga, na kwenye harusi mama mmoja anasema, "Aa, hawa si Shpayer." Harusi inayofuata inarudi kwetu. Hivyo ndivyo tulivyokula. Baba alikuwa bingwa wa hilo. Ile sehemu ya tatu mliyoipa jina la ngazi, aliitunga kwa dakika kumi akiwa amevua viatu, kuwadanganya watu.

Mungu shahidi, sikukaa mbele ya ile mashine nikiwa na nia mbaya. Nilipiga ya kwanza, nikapiga ya pili, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ya uongo, kwa sababu ulikuwa mgeni. Nilishtuka mwenyewe. Nikajiambia, akija nitampa ya kweli uso kwa uso, kama nilivyopewa mimi. Ndiyo maana nilikuwa nakuita. Ungefikiria nini kama ningekuandikia, samahani, nimekudanganya, irudishe? Niliona aibu. Halafu ukaniambia mmetoa santuri, halafu fidla arobaini. Mtu anaanzia wapi?

Tena. Fidla haiko kwa fundi, iko juu ya kabati. Mwezi Mei nilipigwa kiharusi, vidole viwili vya mkono wa kushoto havinisikii. Mluzi bado napiga. Niliposoma barua yako nilikimbilia kuazima ile mashine nikupigie ya kweli kwa mluzi.

Siipati, Rena. Tangu 1941 sikuipiga mbele ya mtu yeyote. Baada ya vita nilipiga na watu wa miji mingine, nao niliwapa ya uongo. Ya kweli niliipiga moyoni, kila mwaka siku ya kuwakumbuka wazazi, na ilikuwepo, nzima. Kisha santuri yako ikaja, na mimi mpumbavu nikaisikiliza kila siku kwa majivuno, na Galina analia. Sasa naanza vizuri, naingia ya tatu, napanda kidogo, na inanijia yako. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu nikitembea, nimejaribu nikiwa nimeziba masikio. Inakuja ileile. Jana nilimfukuza Galina kwa sababu alikuwa akiiimba akiosha vyombo.

Mwambie Perl anisamehe. Hapana, usimwambie. Mwambie nakumbuka nywele zake.

Nusn


Filadelfia, 2 Februari 1990

Niliwaambia wenzangu. Judah akasema ni nzuri hivyohivyo, na sasa ndiyo yenyewe. Nilimwandikia yule wa Krakow. Amejibu kwamba kitabu kimeshachapwa, na hata hivyo hadithi ya koti itamfaa kwenye utangulizi.

Ulikuwa unamficha nani? Mimi? Mimi ningekunyang'anya harusi gani? Nijibu hilo tu.

Nimepata viza, naingia tarehe 20 Aprili. Usiwasikilize watu wakipiga wala kuimba, usiiguse santuri, ivunje. Na usife.

R.


Filadelfia, 8 Julai 1990

Babu Nusn,

Nimechelewa kuandika. Tangu niondoke kituoni pale na wewe umesimama na lile sweta, sijajua niseme nini ambacho hatukukisema zile siku tisa. Wewe unapiga mluzi, mimi nashika kwa fidla, unasema siyo, tunaanza upya. Naikumbuka siku ya nne, ulipopata zile noti tano za kupanda ukapiga meza, chai ikamwagika. Tulidhani mlango umefunguka. Ni zile tano tu ndizo nilizorudi nazo.

Nilipofika nilikwenda kwa Bibi moja kwa moja na mizigo yangu. Akauliza, "Umeleta?" Nikasema bado kidogo. Kwa wiki tatu nilikaa kando ya kitanda, nikazichukua noti zako tano na vidole vyake juu ya blanketi, nikatunga zilizobaki. Ndiyo, nimetunga. Sikuwa na njia nyingine, alikuwa ameshakuwa mwepesi kama mto wa manyoya. Tarehe 2 Juni nikampigia wimbo wote.

Nilipopanda, aliinua mikono miwili akavuta shuka akajifunika uso. Alikaa hivyo mpaka nikamaliza, na baada ya hapo pia. Nilianguka magotini nikijua nimeipata, nimemfunika kama mama yake alivyomfunika. Lakini nesi alipoingia alisema, "Masikini, tangu juzi mwanga unamuumiza, kila pazia likifunguliwa anajifunika." Niliuliza, "Bibi, ndiyo hiyo?" Akasema ndiyo. Nesi akamuuliza kama anataka chai, akasema ndiyo. Kama ni Jumatatu, ndiyo.

Alikufa tarehe 13. Tulimzika siku ya pili yake. Sikupiga chochote.

Nakutumia kaseti. Wewe ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuniambia. Sitaki kufarijiwa. Ni ndiyo au hapana?

Rena


Chernovtsy, 19 Septemba 1990

Rena mwanangu,

Nimemkalia Perl matanga siku saba, kwenye kigoda, viatu nimevua. Sheria ya dini hainidai, si ndugu yangu. Lakini wa Zhvanitsa ni nani mwingine aliyebaki wa kumkalia? Galina aliniletea mayai, akaniuliza ni nani huyo, nikamwambia ni bibi harusi.

Kaseti niliisikiliza kila siku ya hizo saba. Siku ya kwanza nilisema ndiyo, nikalia kwa sauti. Siku ya pili nikasema hapana, noti ya sita inakaa sana. Siku ya tatu nikaona noti ya sita iko sawa, na zile tano nilizokupa mimi ndizo mbovu. Siku ya tano sikujua tena zile tano nilizitoa wapi. Leo nikiipiga mluzi inatoka nusu yako na nusu ya ile ngazi.

Sijui, Rena. Mimi mwana wa Yoyne sijui. Ningeweza kukuandikia ndiyo, ungepata usingizi. Lakini nimeshakudanganya mara moja. Aliyejua alikuwa Perl, na nilimwacha anasubiri mpaka akaishiwa.

Uliniuliza nilikuwa namficha nani, na hata ulipokaa jikoni kwangu siku tisa sikukujibu. Nikageuza maneno, nikakuongezea ugali. Nitakujibu sasa.

Wapinzani wetu walikuwa ndugu wa Kolomeyer, watatu, wa ng'ambo ya mto. Baba aliwaogopa kuliko polisi. Vuli ya 1941 askari walitutembeza Wayahudi wote safu moja, sisi na wao, kwenda kule ambako wengi hawakurudi. Baba alifia njiani wiki ya kwanza. Mama hakuweza tena kutembea, na mkubwa wao, Zeylik Kolomeyer, alimbeba mgongoni siku mbili, bila kuombwa. Kisha Zeylik naye akaishiwa nguvu, tukamlaza kwenye banda la nguruwe, mimi na Favish. Hatukuwa na maji ya kumpa. Akanishika mkono, akasema, "Nusn, miaka ishirini nimejua kwamba ile ya tatu mliyotupa siyo. Mimi sitapiga tena harusi ya mtu. Nipe ile ya kweli niisikie."

Nilikuwa nayo, nzima, kila noti. Niliinama sikioni kwake nikampigia mluzi, na Favish akanitazama kwa sababu aliisikia. Nilimpa nyingine, ya uongo mpya, niliyoitunga palepale.

Zeylik alisema, "Aa, kumbe ndiyo hii," akanishukuru.

Nusn Shpayer